Mtani Aliniambia Itaganda

Watu wakiniuliza kwa nini binti yangu hakuja Tabora likizo ile, nawaambia kompyuta iliharibika. Wanatikisa kichwa, wanazilaumu kompyuta za mitumba, maongezi yanahamia kwenye mvua. Uongo mtupu. Kompyuta haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa vilevile siku zote, na kuna mtu aliipima mbele ya macho yangu akaniambia itakavyokuwa, mimi nikamcheka. Nina hasira bado, na mbaya zaidi sina wa kumkasirikia.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne wakati huo. Tangu akiwa na tisa anaishi Mwanza na mama yake. Mama yake hakunikimbia kwa ulevi wala kwa wanawake, alikimbia tumbaku. Kazi yangu ni kupanga madaraja ya tumbaku. Masoko yakifunguliwa naingia vijijini, Urambo huko, Sikonge huko, naingiza mkono kwenye mzigo, natoa majani, naangalia rangi, nanusa, natamka daraja, mkulima ananilaani kimoyomoyo, nahamia mzigo unaofuata. Miezi inakwisha hivyo. Kwenye kipaimara cha mwanangu nilifika watu wanaosha masufuria. Kwenye mahafali yake ya darasa la saba sikufika kabisa, gari lilizama kwenye matope, na ile ilikuwa kweli, lakini nani angeniamini? Nilishatumia matope mara nyingi mno.

Karibu mwaka mzima alikuwa ananijibu neno mojamoja. Poa. Nzuri. Sawa. Nikimpigia, simu inaita hadi inakata. Halafu siku moja mwezi wa tano, niko gulioni kijijini, akaandika mwenyewe bila kuulizwa: "Shikamoo baba. Hivi wewe una kompyuta?"

Nikajibu ninayo, kabla hata sijakumbuka kama ninayo. Ilikuwepo, ya kukunja, juu ya kabati, niliinunua kwa mwenzangu wa ofisini alipohamishwa, na kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wakulima tu.

Akanieleza. Yeye na wasichana wenzake wa shule wana dunia yao ndani ya gemu ya kujenga kwa matofali. Mnaingia wengi kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwao, mnaonana mle ndani na kusikiana sauti. Gemu yenyewe wameijaza nyongeza zilizotengenezwa na watu wengine, wanaziita modi: mvua inayonyesha kama mvua, taa za barabarani, ng'ombe wenye nundu, milango inayolia ukiifungua. Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunga walipanga siku ya wazazi humo humo. Kila msichana atamjengea mzazi wake mmoja nyumba. Mzazi ataingia, atazungushwa, ataweka taa ya kwanza. Saa kumi kamili jioni.

Sharti lake aliliandika kwenye ujumbe wa peke yake. "Ukija kwa wakati, na ukakaa mpaka mwisho, mwezi wa sita nakuja kwako Tabora likizo nzima. Mama amekubali."

Tangu waondoke hakuwahi kulala tena kwenye nyumba yetu ya Ipuli, hata usiku mmoja. Nilisoma ujumbe ule nimekalia mzigo wa tumbaku, na mkulima mwenye mzigo akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nikamwambia hapana mzee, nimezaliwa. Akapata daraja zuri siku hiyo, Mungu anisamehe.

Niliomba ruhusa kazini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa ajili ya mtu aliye hai. Nikafuta vumbi kwenye kompyuta, nikapanda bajaji hadi kwa fundi wangu karibu na soko.

Fundi huyu ni Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi. Kwa mtu wa huku hiyo inatosha. Sisi na wao ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka Pwani na mizigo kichwani, wakichoka wanalala kwao, wakifa njiani wanazikwa nao. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Baba yangu alipofariki, fundi huyu alifunga kibanda chake akaja hadi Ziba, kijijini kwetu. Akavaa koti la marehemu, akachukua mkongojo wake, akawa anatembea uani kwa mwendo wa baba yangu hasa, huku akiwafokea watu kwamba chai haina sukari. Halafu akajilaza mlangoni, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe jogoo. Mama yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili. Alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka akaomba uji. Kwa hiyo mtu huyu nilimjua. Nilijua kabisa kwamba utani wake hubeba kitu ndani.

"Mwangaluka, mtani!" alinipokea kwa Kinyamwezi chake kibovu. "Leo umebeba nini kichwani? Pembe au chumvi?"

"Nimebeba akili. Nimesikia kwenu imeadimika."

Kibandani kulikuwa na akina mama wawili wanaosubiri simu zao na mzee mmoja mwenye redio. Wakacheka, wakasogea kupata nafasi nzuri ya kutuangalia. Nikamweleza shida yangu, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono, nikampa faili la modi alilonitumia binti. Sikumwambia habari ya likizo. Mambo ya ndani ya nyumba huyaweki mezani kwa mtani, atayatembeza mji mzima.

Niseme ukweli, alipima vizuri. Kwanza aliweka gemu tupu, bila modi hata moja. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na namba ndogo, akanieleza kwamba hiyo ndiyo hesabu ya picha zinazopita kwa sekunde moja. Ikiwa juu gemu inateleza, ikishuka sana inaanza kurukaruka, na ikifika chini kabisa inaganda. Namba ikasimama kwenye sitini. Nikatembea kwenye majani, nikaruka, nikachimba shimo. Raha tupu.

"Hapo hata punda wa kwenu anakimbia," akasema. "Subiri tumtwishe."

Akaingiza modi zote. Kufunguka kwake tu tulimaliza chai na maandazi. Ilipofunguka, namba ikawa arobaini, mara thelathini, mvua ilipoanza kunyesha ikaporomoka hadi kumi na nane. Akafungua dirisha jingine linaloonyesha memori imetumika kiasi gani. Mstari ulikuwa umegonga dari. Chini ya kompyuta kulikuwa na joto, ungeweza kunyooshea kola ya shati.

"Mtani," akasema, "memori hii ni ya kuandikia barua za mapenzi. Na hapa uko peke yako. Wakiingia watu wanane na nyumba zao, itaganda."

"Wewe ndiye utakayeganda."

"Mwambie binti aingie na wenzake sasa hivi, tupime na watu ndani. Gemu ya wengi haipimwi na mtu mmoja."

Nikakataa. Nilimwambia wako shule, lakini hiyo haikuwa sababu. Niliona aibu. Nilitaka Jumamosi nitokee tu pale, baba mzima, kama mtu aliyezoea. Mtoto aliyekuzoea kwa kuchelewa humwombi majaribio.

"Basi Jumamosi utaganda mlangoni," akasema, na sasa alikuwa anawaangalia wale akina mama, "kama babu yake huyu alivyoganda alipofika Bagamoyo akaona bahari, akadhani mbingu imeanguka." Kibanda kizima kikalipuka. Alipotulia akaniinamia. "Kweli nakwambia, mtani. Iache hapa. Kwenye droo nina memori niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, inaingia humu. Njoo Ijumaa uichukue. Utanilipa michembe ya viazi."

Hayo maneno "kweli nakwambia" ndiyo yaliyonimaliza. Kwetu mtani akianza na kweli nakwambia, kaa chonjo, anakuletea uongo mkubwa kuliko wote. Hivyo ndivyo tulivyokua, hivyo ndivyo wanavyotuuzia mbuzi mgonjwa msibani. Na watu walikuwa wananiangalia, zamu ilikuwa yangu kujibu.

"Mzaramo akae na kitu kwenye droo mpaka Ijumaa, ngoma isipigwe kwa jirani akakiuza ili akacheze?" nikasema. "Thubutu!"

Yule mzee wa redio alicheka mpaka akakohoa. Nikaikunja kompyuta, nikaitia kwapani, nikatoka nikiwa mshindi. Jamani, mshindi! Nikikumbuka nilivyotembea pale sokoni kifua mbele, natamani nijizabe kofi.

Nyumbani niliijaribu mwenyewe jioni mbili. Niliingia kwenye uwanja mtupu, nikatembea mbele na nyuma, ikanikubali. Mvua ilipoanza ilirukaruka kidogo, nikafungua madirisha ili ipate hewa, nikajiambia hiyo ndiyo dawa yake. Mimi huyu! Mimi ambaye mkulima akinipangia majani mazuri juu ya mzigo simwangalii usoni, nauzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, natoa uchafu aliouficha katikati, namwuliza hii nini baba? Miaka yote hiyo nimewaita watu matapeli. Kompyuta yangu mwenyewe niliipa daraja kwa majani ya juu.

Jumamosi ilifika. Saa tisa nilikuwa nimekaa, nimeoga, nimevaa shati la kanisani kana kwamba wangeniona. Bando nililiweka kubwa. Nilishazungumza na jirani mwenye jenereta, umeme ukikatika tu arushe waya juu ya ukuta. Nilijilinda dhidi ya kila adui ninayemjua. Umeme haukukatika. Mtandao haukusumbua. Hata jirani alikuja dirishani mara mbili kuniuliza kama bado sijamhitaji.

Saa kumi kasoro dakika tano niliingia, na nikamsikia mwanangu.

"Baba! Umekuja!"

Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mwanamke, na mimi sikujua imebadilika lini. Wenzake wakaniamkia mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo baba, nikaitikia marahaba wanangu, marahaba, nikasikia na mama mmoja anacheka akisema yeye hata hajui kugeuza shingo humu. Nikamwambia tuko wote mama. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kompyuta ilianza kurukaruka, nikaibonyeza polepole, kama unavyomwongoza ng'ombe mkaidi.

"Nifuate, baba. Twende kwako."

Tulipita barabara ya taa, nyumba za wazazi wengine kushoto na kulia. Mwishoni, alipoteremka mteremko mdogo, nikaiona nyumba yetu ya Ipuli. Si nyumba inayofanana nayo. Ni ile. Mlango wa bluu, tangi la maji juu ya matofali, mpera pembeni wenye tawi lililokatwa upande mmoja, hata ile ngazi ya mbele iliyovunjika ambayo kila mwaka nilisema nitaiziba. Alitoka pale ana miaka tisa, na aliikumbuka ngazi.

"Ndani kuna chumba chako," akasema. "Na changu. Chumba cha baba kina dirisha linaloangalia geti, ili unione nikija. Ingia, wote wanakuja kushuhudia taa."

Wote wakaja. Wasichana wanane, wazazi wao, ng'ombe wao wenye nundu, na mvua ikaanza. Niliona namba kwenye kona, kumi na mbili, saba, mbili. Kisha picha ikasimama. Mimi niko mlangoni, mlango wa bluu uko nusu wazi, mkono wangu umenyanyuka ukiwa na taa.

Sauti iliendelea kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ninayoisikia mpaka leo.

"Ingia basi, baba. Baba? Mbona umesimama mlangoni? Baba, watu wanasubiri."

"Nakuja mama, nakuja, imestaki," nilipiga kelele, na jirani akatokea dirishani akiwa ameshika waya. Sauti ikakatika.

Nikaizima, nikaiwasha. Ilichukua muda ule ule wa chai na maandazi. Nikaingia, nikafika barabara ya taa, ikaganda. Nikaizima tena. Nikaipepea kwa gazeti. Nikaiinua hewani kwa mikono miwili, nikamwomba Bikira Maria, nikaitukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Nilipofanikiwa kuingia mara ya tatu ilikuwa imekaribia saa kumi na moja na nusu. Mvua ya gemu ilikuwa imekatika, watu wengi wameshatoka. Dirishani kwenye chumba cha baba taa ilikuwa inawaka. Nikasikia mwanamume anacheka mle ndani, anauliza hili tawi la mpera mbona limekatwa. Alikuwa mume wa mama yake.

"Baba, usihangaike," binti akasema. "Anko ameshaweka taa. Tumemaliza."

"Kompyuta ilikataa, mama. Wallahi ilikataa. Nilikuwa hapa muda wote."

"Najua. Si kosa lako." Hakuwa na hasira hata chembe. Ningepewa hasira ningeshukuru. "Nilimwambia Anko tangu asubuhi akae karibu na kompyuta ya mama, asiende popote."

"Tangu asubuhi? Kwa nini tangu asubuhi?"

Sauti yake ikawa ya upole, kama ya mtu anayetafuta namna ya kumwambia mgonjwa.

"Baba, na wewe. Asante kwa kujaribu."

Jumatatu nilikwenda kwa fundi nikiwa nimevimba. Sikuamkia mtu. Nikaitupa kompyuta juu ya meza yake nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia mara tatu," akasema.

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa natania, na nilikuwa nakuambia. Hata pale Ziba nilikuwa natania." Akaniangalia vizuri usoni, na nadhani aliona kitu, maana alibadilika. "Kwani kulikuwa na nini, Jumamosi?"

Nikamwambia. Yote, hadi likizo, hadi lile neno la "tangu asubuhi". Nilimwambia nikiwa nimesimama, mbele ya wateja wake, na sikujali.

Akavuta droo. Memori ilikuwa mle, imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti, na juu yake ameandika kwa kalamu: ya mtani, Ijumaa. Akaichomoa ya zamani, akaichomeka hiyo. Kazi yenyewe haikufika dakika kumi. Aliipima tena kwa modi zote, mvua na ng'ombe, namba ikasimama hamsini na haikutikisika. Muda wote huo nilingoja anipige neno. Nilimngoja anitukane, aniitie babu zangu, aseme lolote kuhusu bahari na mbingu. Yeye macho yalikuwa kwenye namba tu. Alipomaliza alifuta kioo kwa kitambaa safi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana, kaka," akasema.

Miaka yote tuliyojuana hakuwahi kuniita kaka. Nilishika njia ya Ipuli kwa miguu, na nililia pale kwenye reli bila kujificha.

Mwezi wa sita ulipofika niliiziba ile ngazi, nikapaka mlango rangi upya. Tarehe za mwanzo binti akaandika kwamba wanakwenda Bukoba kwa akina Anko, huenda mwezi wa kumi na mbili akaja, tutaona. Nikajibu sawa. Neno moja, kama alivyokuwa ananijibu yeye.

Dunia yao bado ipo. Wasichana wamehamia gemu nyingine, binti ameniambia hawaingii tena, lakini hakuna aliyeifunga. Siku za Jumamosi, kama niko mjini, huwa naiwasha saa kumi kamili. Napita barabara ya taa, nashuka mteremko, nafungua mlango wa bluu, naingia chumba cha baba, nasimama kwenye dirisha linaloangalia geti. Inateleza vizuri mno siku hizi. Haijawahi kuganda tena hata mara moja, na ng'ombe wote wapo, na mvua inanyesha, na getini hapiti mtu.